Bahari ya Hindi Niliyoiona Malvern

Kwenda Malvern kutoka katikati ya Toronto ni safari ya kubadilisha vyombo. Unapanda treni ya chini ya ardhi mpaka Kennedy, kituo cha mwisho upande wa mashariki, halafu unatafuta basi. Zamani palikuwa na treni nyingine ndogo iliyomsogeza abiria ndani zaidi ya Scarborough, lakini ilifungwa baada ya behewa lake kuacha reli Julai 2023, na mzigo wote ukahamia kwenye mabasi. Nilipata kiti cha dirishani. Vikapita viwanda, maduka makubwa, maegesho ya magari na maghorofa ya matofali ya hudhurungi. Nyuma yangu kina mama wawili walikuwa wakiongea Kitamil, na mbele vijana wakitaniana kwa Kiingereza cha Jamaika. Bahari hakuna, na hata Ziwa Ontario halionekani huku.

Nilikuwa nakwenda kumtembelea mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Tanga, anayesoma sayansi ya mazingira katika tawi la Scarborough la Chuo Kikuu cha Toronto, kusini kidogo ya Malvern. Kwa simu alikuwa ameniahidi kunionyesha "kitu cha kwetu", nami nikadhani atanipikia.

Malvern imekaa pembe ya kaskazini-mashariki ya jiji. Yalikuwa mashamba mpaka miaka ya 1950, serikali ya Kanada ilipoyachukua ili kujenga makazi ya watu wa kipato cha kawaida, na familia za mwanzo zikahamia miaka ya 1970 ilipoanza. Leo wanaishi hapa zaidi ya watu 40,000, na wengi wao wamezaliwa Sri Lanka, India, Ufilipino, visiwa vya Karibi na Afrika. Duka la Kitamil tuliloingia kununua mboga lilikuwa na nazi iliyokunwa na kugandishwa, mihogo iliyomenywa, ndizi mbichi, na nguru aliyekatwa vipande, amelala kwenye friji akiwa mweupe kwa barafu.

"Mjomba, huyu ni wa bahari yetu," mpwa wangu akasema. "Ila yeye katokea upande wa pili."

Alitia pakiti mbili kwenye kapu, tukatoka, tukavuka barabara kuelekea maktaba ya mtaa iliyoko Sewells Road. Hapo ndipo alipofungua kompyuta yake.

Kwenye kioo palikuwa na Bahari ya Hindi, kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Indonesia, na ilikuwa ikienda. Maelfu ya nyuzi nyembamba nyeupe yalitiririka juu ya rangi: buluu mahali pa maji baridi, manjano mahali pa vuguvugu, nyekundu mahali pa joto. Mpwa wangu aliiweka mwezi wa Agosti, kusi ikiwa imeshika. Nikaona mkondo mpana ukija kutoka mashariki, ukipita ncha ya kaskazini ya Madagaska, ukigonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo unagawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji. La pili linapanda kaskazini, linapita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, nalo ndilo wataalamu waliloliita Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa kusi linaweza kufikia mwendo wa noti nne, na haliishii Lamu: linavuka ikweta na kuungana na mkondo wa Somalia, ambao kwa msimu huo ni miongoni mwa mikondo yenye kasi kubwa kabisa duniani. Mbele ya pwani ya Somalia nyuzi zile zilijikunja zikawa duara moja kubwa, la kilomita zisizopungua mia nne kwa upana, likizunguka mahali pamoja.

"Sasa tazama," akasema, akasogeza tarehe hadi Januari.

Duara likayeyuka. Mkondo wa Somalia ukageuka, ukawa unashuka kusini. Wetu bado ulikuwa unapanda, ila umepoa nguvu, na yote miwili ikakutana mbele ya pwani ya Kenya, kisha ikageukia mashariki, ikaingia bahari kuu. Mikondo mikubwa ya pwani inayogeuka namna ile kila mwaka ni michache duniani, na sababu yake ni pepo zile zile zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Oman na Gujarati. Manahodha waliishi kwa elimu hiyo. Ahmad ibn Majid, rubani wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika njia za bahari hii hadi Sofala, zikiwa na nyota za kufuata na misimu ya kusafiri. Kilichokuwa kichwani mwa nahodha sasa kiko katika mashine, na mashine inafanya jambo ambalo nahodha hakuweza: inaonyesha bahari nzima kwa wakati mmoja, pamoja na maji yaliyo chini.

Nilimwomba anieleze picha ile imetengenezwaje, kwa maana niliona wazi kuwa si picha iliyopigwa na kamera. Akaniambia kwamba kompyuta huigawa bahari katika visanduku, vya juu hadi vya chini kabisa. Kila kisanduku kinapewa joto lake, chumvi yake na mwendo wa maji yake. Kisha kanuni za fizikia, zile za Newton zilizorekebishwa kwa dunia inayozunguka, zinaiambia kompyuta kila kisanduku kitamsukuma vipi jirani yake baada ya dakika chache, upepo ukivuma hivi na jua likiwaka vile. Hesabu inarudiwa tena na tena, mpaka dakika zinakuwa miezi na miezi miaka. Mwishowe mchoraji anamwaga chembe za kubuni juu ya hesabu hizo, anaziacha zichukuliwe, na kila chembe inaacha mkia nyuma yake. Mikia hiyo ndiyo nyuzi nilizoziona. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitengeneza kwa njia hii filamu yake mashuhuri, Perpetual Ocean, inayoonyesha mikondo ya dunia tangu Juni 2005 hadi Desemba 2007.

Bahari ya Hindi ina nafasi ya mbele katika historia ya kazi hii. Kirk Bryan na Michael Cox, watafiti waliofanya kazi Princeton nchini Marekani, ndio walioandika modeli za mwanzo za mzunguko wa bahari katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 Cox alichapisha modeli ya Bahari ya Hindi peke yake, akijaribu kuona kama kompyuta ya wakati ule ingeweza kuugeuza mkondo wa Somalia kwa kupewa pepo za msimu. Alikuwa na vipimo vya kulinganisha, kwa kuwa kati ya mwaka 1959 na 1965 meli za nchi nyingi zilikuwa zimezunguka bahari hii katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi.

Tukiwa hapo, mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti la Kitamil meza ya pili alisogeza kiti chake. Alituomba radhi kwa Kiingereza, akanyoosha kidole juu ya Sri Lanka. Alitoka Jaffna, akasema, na baba yake alikuwa mvuvi. Mpwa wangu akamwonyesha mkondo unaopita kusini ya kisiwa hicho, unaokwenda mashariki wakati wa kusi na kurudi magharibi wakati wa kaskazi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akauliza kuhusu maji yaliyo kati ya Jaffna na India, alikovulia baba yake. Mpwa wangu akavuta picha karibu. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Bahari ile ni ya kina kifupi mno na nyembamba mno kwa modeli ya dunia nzima, kwa hiyo mahali alipopataka mzee palibaki rangi moja, kimya.

"Na sisi?" nikauliza. "Nipeleke Mkondo wa Unguja."

Akanipeleka, na hali ikawa karibu ile ile. Modeli nyingi za dunia hutumia visanduku vya upana wa kilomita tisa hivi. Kutoka Unguja mpaka bara ni kama kilomita arobaini, maana yake bahari yote iliyo kati ya Bagamoyo na Mji Mkongwe inaingia katika visanduku vinne au vitano. Modeli ni kama wavu: ukubwa wa matundu ndio unaoamua utapata nini, na wenye matundu ya kilomita tisa unanasa mkondo mkubwa wa bahari kuu huku ukiacha mlango wa Chumbe, rasi ya Nungwi na mkondo wa bamvua vipite bila kuguswa. Hayo yanayopita ndiyo mvuvi wa ngalawa anayoishi nayo kila siku. Na si mvuvi tu. MV Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, wapiga mbizi waliokuja kutoka Afrika Kusini walishindwa kuifikia kwa sababu ya kina na ukali wa maji.

Wapo waliojaribu kufuma wavu wa matundu madogo. Mwaka 2017 Gabriela Mayorga-Adame na wenzake walichapisha modeli ya pwani ya Kenya na Tanzania yenye visanduku vya kilomita nne, wakaachia humo mabuu ya kubuni ya matumbawe na ya samaki wa miambani ili waone yatachukuliwa wapi. Mabuu ya matumbawe, ambayo maisha yao ya kuelea ni mafupi, kwa sehemu kubwa yalitua karibu na kwao. Ya samaki, yanayokaa majini kwa wiki nyingi, yalisafiri mbali. Hesabu ya namna hiyo ina kazi ya moja kwa moja: inamwambia anayepanga hifadhi za bahari ni mwamba upi ukiharibiwa utawanyima samaki watu wa mwamba mwingine.

Tulimuaga mzee, na kesho yake tukapanda basi kwenda Rouge Beach, mahali Mto Rouge unapoingia Ziwa Ontario. Mto huo unapita mashariki ya Malvern ndani ya hifadhi ya taifa iliyo mjini, iliyoanzishwa mwaka 2015, na siku ile ukingo wake ulijaa familia zilizobeba majiko ya kuchomea nyama. Jua lilikuwa kali kama la Tanga. Nikavua viatu nikaingia majini hadi magoti, nikatoka mbio. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa.

"Jana upepo ulivuma kutoka magharibi," mpwa wangu akasema akicheka. "Wiki iliyopita ungeogelea."

Kumbe ndivyo ziwa hili lilivyo. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu kufuata ukingo wa kaskazini, mzunguko wa dunia unayapotosha maji ya juu kuelekea kuliani, yaani kusini, mbali na Toronto. Maji ya vuguvugu yakiondoka, yale ya chini yanapanda kujaza nafasi. Halijoto inaweza kushuka nyuzi kumi usiku mmoja. Maji hayo ya chini yana kazi yake pia: tangu mwaka 2004 mabomba yaliyotandikwa kilomita tano ndani ya ziwa huvuta maji ya nyuzi 4 kutoka kina cha mita 83, na baridi yake hutumika kupoza maghorofa ya katikati ya jiji.

Pwani ya Somalia hufanya jambo hilo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Kusi inavuma sambamba na nchi, maji ya juu yanasukumwa kuliani kuelekea bahari kuu, na karibu na Ras Hafun maji yanayopanda huwa chini ya nyuzi 20, yamejaa chakula cha samaki. Ndiyo buluu niliyoiona kwenye picha, iliyobandikwa juu ya bahari nyekundu. Kwetu, kusini ya ikweta, mzunguko wa dunia unayapotosha maji kushotoni. Kusi ile ile inayoyafukuza maji pwani ya Somalia huyasukuma ya kwetu kuja nchi kavu, na yakifika hayana pa kwenda ila kuzama. Hii ni sababu mojawapo ya maji ya Unguja na Tanga kuwa ya joto, mazuri kwa matumbawe, lakini maskini wa samaki yakilinganishwa na ya jirani yetu wa kaskazini. Nilikulia ukingoni mwa bahari hiyo na sikuwahi kusikia mtu akiieleza hivyo darasani.

Jambo lililonishughulisha zaidi pale ufukweni ni kwamba ziwa hili, dogo zaidi ya mara tatu kuliko Viktoria, lina modeli zinazoendeshwa kila siku. Marekani na Kanada hutabiri mikondo yake, halijoto yake na barafu yake. Walinzi wa pwani wa Kanada wana programu ambayo ikipewa mahali mtu alipoangukia majini, hukokotoa upepo na mkondo vimempeleka wapi ili boti ya uokoaji ijue pa kuanzia. Na nyuma ya haya kuna mitambo. Nje kidogo ya Toronto, Vaughan, mwaka 2018 ilizinduliwa kompyuta kuu iliyopewa jina la Niagara, yenye viini vya kuchakata 60,000. Miongoni mwa waliotumia nguvu zake ni kundi la Richard Peltier wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao, waliochora mawimbi ya ndani ya Pasifiki, yale yanayosafiri ndani ya maji, chini ya uso.

Hata hivyo kompyuta kubwa haijui bahari isiyopimwa. Setilaiti zinaona uso wa maji tu, kama joto lake na kimo chake. Ya chini yanajulikana kwa vyombo vya Argo, ambavyo duniani kote viko karibu 4,000: kila kimoja kinaelea na mkondo kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku kumi kinashuka mita 2,000 kisha kinapanda juu kikipima, na kutuma matokeo kwa setilaiti. Yako pia maboya yaliyofungwa nanga. Katika miaka ya uharamia wa Somalia, meli za utafiti na za mizigo zilikwepa upande wetu. Mpango wa maboya wa Bahari ya Hindi ulikwama huku magharibi, na mwaka 2011 wanasayansi wa Marekani walionya kwamba vipimo vya upepo kutoka melini vimetoweka katika eneo kubwa la bahari ile. Picha haikuonyesha pengo. Kompyuta iliendelea kujaza visanduku kwa hesabu, na rangi zikabaki nzuri kama kawaida.

Hapo ndipo mtazamaji anapaswa kuwa macho. Picha hizi zinavutia kiasi kwamba mtu husahau kuuliza wapi pamepimwa na wapi pamekisiwa. Zikipimwa sawasawa, hutoa ushahidi mzito. Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kiliokotwa Pemba, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia wakathibitisha ni cha ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 8, 2014 na watu 239. Kiliokotwa zaidi ya miaka miwili baada ya ndege kupotea. Wataalamu wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, wakatumia modeli ya mikondo kurudisha nyuma safari ya vipande vilivyookotwa Pemba, Réunion na kwingineko. Hawakuridhika na hesabu peke yake: walichukua kipande halisi cha bawa la ndege ya aina hiyo, wakakitupa baharini karibu na Tasmania, wakatazama kinavyokwenda. Utafutaji wa chini ya bahari ulisitishwa Januari 2017 bila ndege kupatikana, lakini mahali pa kutafuta palikuwa pamepunguzwa sana, na pwani yetu ilikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Jioni ile tulikula nguru wa duka la Kitamil kwa wali wa nazi, na mazungumzo yakageukia nyumbani. Wanawake wa Paje na Jambiani wanajua maji yanapopata joto kupita kiasi, kwa sababu mwani wao aina ya kotonii huugua na kukatika. Matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, na mwaka 2024 dunia ikatangaziwa upaukaji mkubwa mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto isivyo kawaida huku ya mashariki yakipoa, na vuli ikawa mafuriko kutoka Somalia hadi Tanzania. Yote hayo yanaweza kuchorwa, na baadhi yake kutabiriwa wiki au miezi kabla.

"Unataka kurudi kufanya kazi hiyo?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Nataka, mjomba. Lakini nikirudi nitahitaji vipimo, na vipimo haviwezi kutoka Kanada."

Amesema kweli, na hukumu yangu ni hiyo. Zanzibar imekuwa na kipima maji kujaa na kupwa tangu mwaka 1984, na Mombasa tangu 1986. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja, na KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mombasa. Wataalamu tunao. Kinachotakiwa ni serikali za pwani hii kuvitunza vipima maji vilivyopo na kuongeza vingine, kuwapa wavuvi wanaokubali vipimajoto vya kufunga nyavuni, na kulipia modeli ya matundu madogo ya mikondo ya Unguja, Pemba na Mafia, inayoendeshwa nyumbani kila siku kama lile Ziwa Ontario linavyoendeshewa yake.

Na wewe msomaji wa Mtwara, Tanga, Shimoni au Lamu una sehemu yako. Maboya ya kupimia hukatwa kwa ajili ya kamba na chuma chake, na yakikatwa pengo linarudi. Ukikuta boya baharini, usifunge chombo chako hapo wala usilikate, na umwambie na jirani yako: vipimo vyake vinatumika kutabiri mvua ya vuli itakayonyesha, au itakayokosekana, shambani kwenu.